Mwalimu na Somo la Kujisahihisha

Mtaa wa Isevya umo katika mji wa Tabora, na Tabora ni mji uliokua juu ya njia ya misafara. Kwa njia hiyo wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo na shanga. Na kwa njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa waliofungwa minyororo. Huko, mwezi wa Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake asije akaanguka mikononi mwa Wadachi. Watu wa Tabora wameonja amri za kila namna: amri ya mwenye watumwa, amri ya Mdachi mwenye kiboko, amri ya Mwingereza mwenye karatasi. Wote hao walikuwa sawa katika jambo moja. Hakuna aliyeiachia amri mpaka alipotokea wa kumwondoa.

Leo twataka kusimulia habari za mtu aliyesoma na kufundisha katika mji huo, akaja akaishika amri ya nchi nzima kwa miaka ishirini na mitatu na zaidi, kisha akaiachia kwa hiari yake. Si hivyo tu. Alipokwisha kuiachia aliwashauri wenzake waufungue mlango alioufunga yeye mwenyewe. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hatuandiki ili tumpambe, maana marehemu hana haja ya mapambo. Twaandika kwa sababu liko swali linalozikabili nchi nyingi changa: nchi iliyotawaliwa muda mrefu na mkono mmoja yawezaje kujirekebisha bila ya kumwaga damu? Maisha yake yana sehemu kubwa ya jibu, na makosa yake yana sehemu nyingine.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza kusoma Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, shule ambayo Waingereza walikuwa wakiwafunza humo vijana waliotazamiwa kuwa watemi na makarani wao. Alikwenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1946 akarudi Tabora kuwa mwalimu katika shule ya misioni ya St. Mary's. Hapo Tabora alifanya kazi katika tawi la chama cha TAA. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952, na tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake wakaigeuza TAA kuwa TANU.

Somo la kwanza alilotoa kwa nchi nzima alilitoa Tabora. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana huko wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura ilimlazimu amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na asiyefanya hivyo kura yake ilipotea. Tena hakuruhusiwa kupiga kura ila mwenye elimu, au mwenye mapato ya kutosha, au mwenye cheo. Wajumbe wengi walitaka TANU isusie uchaguzi huo. Mwalimu alisimama akawashawishi waingie. Ni kama kusema kuwa mlango ni mbovu, lakini ndio uliopo, na aliye ndani ana nafasi ya kuujenga upya kuliko aliye nje. Wajumbe wakakubali. Wako waliokataa, Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake. Uchaguzi ulifanywa Septemba 1958 na Februari 1959, na watu waliounga mkono TANU wakashinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Twaomba msomaji aiweke akilini habari hiyo ya Tabora. Mtu yule yule aliyekuwa na subira ya kupita katika mlango mbovu wa mkoloni ndiye aliyekuja kuwafungia wenziwe mlango. Yafaa tuyaseme haya waziwazi, kwa kuwa asiyeutaja ugonjwa hawezi kuisifu dawa.

Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Humo aliwaonya viongozi wenzake juu ya ubinafsi, woga wa kusema kweli, na tabia ya kutazama nani anasema badala ya kutazama anasema nini. Lakini katika mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Mkono mmoja uliandika tujisahihishe. Mkono wa pili ulipitisha sheria ya kumnyamazisha mtu ambaye labda angetusahihisha.

Mwezi wa Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka huo huo utemi ulifutwa. Katika mwaka huo pia Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, aliyesoma na Mwalimu Tabora na Makerere na aliyekuwa Waziri wa Sheria, alijiuzulu uwaziri na kuondoka katika chama. Mwezi wa Januari 1964 askari waliasi. Uasi huo ulipokwisha kuzimwa, viongozi kadha wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa kwa sheria, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na aliyeteuliwa alikuwa ndiye Waziri wa Kazi. Ndugu wafanyakazi hawahitaji kuelezwa maana yake. Anayedai nyongeza ya mshahara na anayejibu dai hilo walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1965 Katiba ikathibitisha chama kimoja. Haki yataka tuseme pia kwamba Mwalimu hakutaka chama kimoja cha kupiga makofi. Katika uchaguzi wa mwaka huo wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakawaangusha baadhi ya mawaziri. Huo ulikuwa ushindani wa watu, lakini haukuwa ushindani wa mawazo. Mwananchi aliweza kumkataa waziri. Hakuweza kuikataa amri aliyoileta waziri huyo.

Tukaona matokeo yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwazuia viongozi wasijitajirishe, likaleta heshima kwa maskini, na shule na zahanati zikaenea. Lakini mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wa shamba wakae vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivyojengwa na wakulima wenyewe navyo vikavunjwa. Waliofanya mambo hayo hawakuwa watu wabaya wote. Wengi walikuwa na nia njema, ila hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuwaambia simameni. Nia njema isiyo na wa kuipinga humtendea mkulima yale yale yanayotendwa na nia mbaya.

Sasa twafika mahali ambapo Mwalimu anaachana na watawala wengi wa zama zake. Alianza kurudi nyuma akiwa bado ana nguvu. Mwaka 1982 sheria zilipitishwa za kurudisha ushirika na serikali za mitaa. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba, na Urais ukawekewa mpaka wa vipindi viwili. Mwezi wa Novemba 1985 alimkabidhi Urais Ali Hassan Mwinyi akaondoka Ikulu. Tena alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Ni mara ngapi tumemsikia mkubwa akiyataja makosa yake kwa majina yake?

Mwaka 1990, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema kwamba kuzungumza habari ya vyama vingi si dhambi. Wengi katika chama walishtuka, kwa kuwa wao walikuwa wameyashika maneno ya Mwalimu ya mwaka 1965 kama msahafu. Mwezi wa Agosti mwaka huo akaachia uenyekiti. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili iwaulize wananchi. Mwaka huo huo, kati ya watu waliokuwa mbele wakidai vyama vingi, alionekana tena Fundikira wa Unyanyembe. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita tangu aondoke katika uwaziri.

Jibu la wananchi kwa Tume linajulikana: katika kila watu 100, yapata 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa mtawala mwenye kupenda raha, hesabu hiyo ingetosha kuifunga shauri. Tume yenyewe ilishauri vyama vingi vikubaliwe, na Mwalimu aliunga mkono ushauri huo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu ishirini katika mia si watu wa kupuuzwa. Kwamba chama kisicho na wa kushindana nacho hulala na kuoza. Na kwamba yafaa mabadiliko yaongozwe na wenye nguvu kabla hayajaletwa kwa nguvu. Mwezi wa Februari 1992 Mkutano Mkuu wa CCM ulikubali, Bunge likabadili Katiba, na toka tarehe 1 Julai 1992 nchi ikawa ya vyama vingi. Hakuna risasi iliyopigwa ili jambo hilo litimie.

Tuwatazame majirani wa zama zile. Mogadishu, mwezi wa Januari 1991, Siad Barre alikimbia akaacha nchi isiyo na serikali. Katika Zaire, Mobutu alicheza na mabadiliko kwa miaka saba, akatoka kwa vita mwezi wa Mei 1997; na watu waliokimbia vita hiyo walivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kwenye mwisho wa ile reli iliyoifuata njia ya misafara kupitia Tabora. Lakini katika Zambia Kenneth Kaunda alikubali uchaguzi, akashindwa mwezi wa Oktoba 1991, akampa mkono aliyemshinda. Hao watatu walifikiwa na wakati ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja alikubali kusikia na wawili hawakusikia.

Je, kazi ya Mwalimu ilikamilika? Hapana, na tukisema ilikamilika tutakuwa hatukujifunza. Tume ya Nyalali ilitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na ile sheria ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa mojawapo. Ilishauri Katiba mpya iandikwe. Vyama vingi vikaingizwa katika Katiba ile ile kwa kuitia viraka. Mlango ulifunguliwa, lakini kufuli na ufunguo vilibaki mikononi mwa wale wale. Tena waliolala kizuizini bila ya hukumu hawakurudishiwa miaka yao kwa kura ya Mkutano Mkuu. Kujisahihisha kwa mkubwa ni jambo jema, lakini hakuondoi deni la mdogo aliyeumizwa.

Mwalimu alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Katika maisha yake twaona mambo matatu ambayo kila nchi inayotoka katika utawala wa mkono mmoja haina budi kuyashika.

La kwanza ni wakati. Mpagazi mwenye akili hutua mzigo akiwa bado amesimama. Asiyetua huangushwa nao. Chama kijirekebishe kikiwa na nguvu, kwa kuwa kikisubiri udhaifu hakitaulizwa tena kinataka nini.

La pili ni hesabu. Wingi wa kura ni haki ya kutawala. Si haki ya kuwanyamazisha waliobaki. Mwaka 1963 Fundikira alihesabiwa kuwa mmoja tu. Ilituchukua miaka ishirini na minane kutambua kwamba yule mmoja alikuwa na jambo la kusikilizwa.

La tatu ni sheria. Kiongozi mwema hufa, sheria mbaya hubaki, na atakayeikuta mezani huenda asiwe mwema. Kwa hiyo nchi isitosheke na kubadili majina ya vyama na rangi za bendera. Ifukue sheria moja moja, imwachie mfanyakazi chama chake, mkulima ushirika wake, na mshitakiwa hakimu wake.

Wanachama na wafanyakazi, ni rahisi kuitundika picha ya Mwalimu ukutani. Kazi ngumu ni kufanya alilolifanya katika uzee wake: kuyatazama yale tuliyoyajenga kwa mikono yetu, kukiri palipopinda, na kupanyosha kabla mtu mwingine hajaja kutubomolea. Kijitabu cha mwaka 1962 kilimchukua mwandishi wake miaka mingi kukitimiza. Sisi tunaokisoma leo hatuna udhuru wa kuchukua miaka mingi namna hiyo.