Mtaji wa Dola Moja na Nusu

Katika miji mingi ya Marekani kuna shule za msingi zenye jina la Mary McLeod Bethune langoni. Watoto wanaoingia pale kila asubuhi huenda hawajui kwamba huyu mama alitamani sana kuja huku kwetu Afrika, na akakataliwa.

Alizaliwa mwaka wa 1875 kule South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Alichuma pamba pamoja nao. Shule ya misheni ilipofunguliwa, alitembea maili kadhaa kwenda kusoma, na jioni anafundisha wa nyumbani. Baadaye mama mmoja mshonaji wa Colorado, ambaye hakuwa hata anamjua, akamlipia karo.

Mary akaingia chuo cha Biblia cha Moody, Chicago, na lengo lake lilikuwa moja tu: awe mmishonari Afrika. Akaomba kwa bodi ya misheni. Jibu likarudi kwamba hakuna nafasi ya mtu mweusi. Tusiseme haraka kwamba ni Mungu aliyefunga huo mlango. Waliofunga ni watu wa kanisa. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

Lakini hakukaa chini kulia. Mwaka wa 1904, kule Daytona, Florida, alianzisha shule ya wasichana akiwa na dola moja na nusu. Kodi ya nyumba ilikuwa dola 11 kwa mwezi! Mimi nimesomea biashara, na hesabu kama hiyo mwalimu wangu angeikata kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, pamoja na mwanawe. Masanduku yakawa madawati, vijiti vilivyoungua vikawa penseli, maji ya matunda ya mwituni yakawa wino. Yeye mwenyewe alipika pai za viazi vitamu akauza. Uwanja alionunua baadaye ulikuwa jaa la taka.

Ile shule ndogo ya mtaani leo ni chuo kikuu, na kina jina lake. Mwaka wa 1936 Rais Roosevelt alimpa kazi ya kusimamia masuala ya vijana weusi katika shirika la serikali. Na mwaka wa 1952, akiwa na miaka 76, aliikanyaga Afrika: alitumwa Liberia kuiwakilisha Marekani Rais Tubman alipoapishwa. Alifariki mwaka wa 1955.

Ndugu yangu, dada yangu, pengine nawe umekataliwa, tena na watu wa Mungu. Inauma, usijifanye haiumi. Lakini hebu angalia mkononi: una nini? Mary alikuwa na dola moja na nusu na wasichana watano. Wako watano ni akina nani? Anza nao wiki hii.