Hans Andersen na Mkasi Wake

Hans Christian Andersen alizaliwa mwaka 1805 katika mji wa Odense, nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya. Baba yake alikuwa mshona viatu maskini, na mama yake alikuwa akifua nguo za watu kwa ujira. Wote watatu walikaa katika chumba kimoja. Lakini baba alipenda sana kumfurahisha mwanawe. Jioni alimsomea hadithi, tena akamtengenezea jumba dogo la michezo. Hans akawashonea wanasesere wake nguo za matambara, akawachezesha peke yake kutwa.

Mwaka 1816 baba akafa. Mama alitaka Hans ajifunze ushoni, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika michezo. Hata alipopata miaka 14 akaaga, akaenda mji mkuu, Copenhagen. Akaimba na kucheza mbele ya wakubwa wa jumba la michezo la mfalme. Alikuwa mrefu, mwembamba, na nguo zake hazikumkaa vema, watu wakamcheka. Kisha sauti yake ikavunjika, na baada ya miaka mitatu akaondolewa.

Lakini Jonas Collin, mmoja wa wakubwa wale, alimhurumia, akamwombea fedha za mfalme ili asome. Basi Hans, kijana wa miaka 17, akaketi darasani pamoja na watoto wadogo. Mwalimu wake alikuwa mkali, akamdhihaki mara nyingi. Hans alilia sana, lakini hakuacha masomo.

Alipokuwa mtu mzima alipenda kuwatembelea rafiki zake na kuwapa watoto wao hadithi. Alishika karatasi iliyokunjwa na mkasi mkubwa, akawa akisimulia huku akikata. Watoto walitazama kimya, wala hawakujua ni kitu gani kinachokatwa. Hadithi ilipokwisha, aliikunjua karatasi, na tazama, ni jumba la mfalme, au mabata maji, au wachezaji wameshikana mikono!

Mwaka 1835 alitoa kijitabu chenye hadithi 4. Aliziandika kama alivyozisema kwa mdomo, kwa maneno mepesi. Wataalamu wengine walimlaumu, wakaona kwamba maneno ya namna hiyo hayafai kitabuni, na kwamba hadithi zake hazina mafundisho. Yeye hakubadili njia yake. Aliandika hadithi zaidi ya 150, nazo zimefasiriwa katika lugha nyingi za ulimwengu.

Andersen alikufa mwaka 1875, naye hakuoa wala hakuwa na mtoto. Jumba kubwa la mfalme lilimkataa asiwe mchezaji wake. Lakini mahali popote penye mtoto, karatasi na mkasi, yeye alipata jumba lake. Nyingi katika zile karatasi alizozikata zimewekwa akiba mpaka leo katika mji wa Odense, alikozaliwa.