Alexis Carrel: Daktari aliyejifunza kushona kwa fundi wa darizi, akafungua njia ya kupandikiza ini

Jioni ya Juni 24, 1894, Rais wa Ufaransa Sadi Carnot alikuwa ndani ya gari la farasi mjini Lyon, akitoka kwenye dhifa. Kijana mmoja wa Kiitaliano akamrukia na kumchoma kisu. Kisu kiliingia kwenye ini na kukata mshipa mkubwa unaolipelekea damu kutoka utumboni.

Madaktari walimpasua, lakini hawakuweza kuizuia damu. Usiku huohuo rais akafa.

Enzi hizo hakukuwa na njia ya uhakika ya kushona mshipa kama ule. Ukiushona, unaziba. Usiposhona, mgonjwa anaisha damu. Basi.

Mjini humo alikuwepo mwanafunzi wa udaktari aliyebakiza siku nne tu kutimiza miaka 21. Jina lake Alexis Carrel. Kifo kile hakikumtoka kichwani: kwa nini mshipa usishonwe kama nguo?

Lyon ni mji wa hariri, na marehemu baba yake alikuwa kwenye biashara ya vitambaa. Kwa hiyo Carrel hakwenda kwa profesa. Alikwenda kwa Bi Leroudier, fundi maarufu wa darizi, akajifunza kushika sindano nyembamba na nyuzi za hariri. Inasimuliwa kuwa alifanya mazoezi kwenye karatasi mpaka mshono wake ukawa hauonekani upande wowote.

Mwaka 1902 alitangaza mbinu yake, na kwa kweli ni rahisi kuielewa. Mdomo wa mshipa ni duara, na duara ni gumu kushona. Yeye aliweka nyuzi tatu kuzunguka mdomo huo na kuzivuta, duara likawa pembetatu. Sasa unashona mistari mitatu iliyonyooka, na tundu linabaki wazi. Nyuzi alizipaka mafuta ya vaselini ili zipite bila kuchana.

Mwaka huohuo akajiingiza kwenye balaa jingine. Alisindikiza wagonjwa kwenda kuhiji Lourdes, akashuhudia mwanamke aliyekuwa mahututi akipata nafuu ghafla. Alieleza alichokiona, kumbe akawakera wote: watu wa dini walimwona ana shaka mno, madaktari wenzake wakamwona mshirikina. Cheo cha upasuaji alichokitaka Lyon hakukipata. Mwaka 1904 akavuka bahari.

Chicago alifanya kazi na Charles Guthrie. Walihamisha figo, hata moyo wa mbwa wakaupandikiza shingoni mwa mbwa mwingine. Mwaka 1906 Carrel alihamia Taasisi ya Rockefeller, New York, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Peke yake. Guthrie hakupewa kitu, na wapo wanaoona hadi leo kuwa alidhulumiwa.

Mwaka 1908 aliamshwa usiku kwa ajili ya mtoto mchanga wa daktari mmoja, aliyekuwa akivuja damu bila kukoma. Carrel aliunganisha mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa mtoto. Damu ya baba ikaingia, mtoto akapona.

Lakini kuna jambo lilimshinda. Figo ya mbwa ikirudishwa kwa mbwa yuleyule, inafanya kazi. Ikienda kwa mbwa mwingine, inakufa baada ya muda, hata mshono uwe safi kiasi gani. Yaani tatizo halikuwa sindano tena, mwili wenyewe ulikuwa unakataa kiungo cha mgeni. Dawa za kutuliza hali hiyo zilikuja yeye akiwa kaburini. Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu Denver, Marekani, mwaka 1963, mgonjwa akafa. Alifanikiwa mwaka 1967.

Wazo lake jingine ndilo linalotikisa utafiti wa ini sasa hivi. Mwaka 1935, yeye na rubani maarufu Charles Lindbergh walionyesha pampu ya kioo iliyoweka kiungo hai nje ya mwili. Mwaka 2021, madaktari wa Zurich, Uswisi, walimpandikiza mgonjwa ini lililokaa siku tatu kwenye mashine. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anaendelea vizuri. Kwa kawaida ini hukaa kwenye barafu kwa saa chache tu.

Ningependa kuishia hapo, ila haitakuwa haki. Mwaka huohuo wa 1935 Carrel alitoa kitabu kilichouzwa sana, akitaka jamii iwe na watu "bora" tu, na akapendekeza baadhi ya wahalifu wauawe kwa gesi. Vita vilipokuja aliongoza taasisi iliyoanzishwa na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wanazi. Ufaransa ilipokombolewa alituhumiwa usaliti. Alifariki Paris Novemba 5, 1944, kabla ya kufikishwa mahakamani.

Kitivo cha udaktari cha Lyon kilichokuwa na jina lake kilibadilishwa jina mwaka 1996. Kilipewa jina la Laennec, daktari aliyebuni kipimo cha kusikiliza kifua. Ndiye pia aliyeupa ugonjwa wa ini kusinyaa jina linalotumiwa na madaktari mpaka leo: sirosisi.