SITI BINTI SAAD, MUUZA VYUNGU ALIYEIMBA

Nyanyangu ni mpiga ngoma ya kilumi hapa kwetu Kitui, na huitwa hata Makueni. Mwaka jana wenzangu darasani walinicheka, eti natoka kwa watu wa mapepo. Mimi kwa haya nikasema simjui. Neno hilo liliniuma sana. Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili akaniazima kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu duni, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Shule hakuiona. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akavitembeza akiimba ili wanunuzi wamsikie tangu mbali. Kumbe biashara ile ndiyo iliyomkomaza sauti!

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, wa kikundi cha Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Siku hizo taarabu ilikuwa ya wanaume, tena ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya Sultani. Siti aliiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi wa bandarini akaielewa. Wenye wivu walimsimanga kwa ukoo na sura yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo, akaendelea na kazi.

Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake Kijiti ulisimulia muuaji aliyetoroka, huku waliofika kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Wanyonge walijisikia wenyewe ndani ya sauti ile. Alifariki mwaka 1950.

Nilipofunga kitabu nilikwenda moja kwa moja kwa nyanya, nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Alinisogezea ngoma tu, nami nikapiga mpaka viganja vikawaka moto.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Basi wenzangu, Siti aliitwa Mtumwa lakini hakuwa mtumwa wa mtu. Mtumwa nilikuwa mimi, siku ile niliyomkana nyanyangu. Kilumi kikija uwanjani, mtaniona.