Eliška Junková

Eliška Junková (jina la kuzaliwa: Alžběta Pospíšilová, 16 Novemba 1900 – 5 Januari 1994) alikuwa dereva wa mashindano ya magari kutoka Chekoslovakia (leo Ucheki). Nje ya nchi yake alijulikana zaidi kwa jina la Elisabeth Junek. Katika miaka ya 1920 aliendesha magari ya Bugatti akishindana na madereva mashuhuri wa Ulaya. Anakumbukwa hasa kwa mbio za Targa Florio za mwaka 1928 katika kisiwa cha Sisilia, nchini Italia, ambako aliongoza kwa muda na kumaliza katika nafasi ya tano.

Maisha ya awali

Eliška alizaliwa mjini Olomouc, katika eneo la Moravia, ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya Milki ya Austria-Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma. Tangu utotoni alitamani kusafiri na kuona dunia, na kwa sababu hiyo alijitahidi kujifunza lugha za kigeni. Ujuzi huo ulimsaidia kupata kazi ya benki akiwa na umri wa miaka 16, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokuwa bado inaendelea.

Kupitia kazi hiyo alikutana na Čeněk Junek, kijana wa benki ambaye baadaye alitajirika. Čeněk alipenda sana magari ya kasi. Mwanzoni Eliška hakuwa na hamu na injini, lakini alielewa kwamba akitaka kuishi na mtu huyu itambidi ayazoee na magari yake. Walipokuwa pamoja Paris, yeye mwenyewe alivutwa na magari hayo, hasa yale ya kampuni ya Bugatti, iliyokuwa na kiwanda chake Molsheim, mashariki mwa Ufaransa. Walifunga ndoa mwaka 1922.

Kununua Bugatti na kujifunza kuendesha

Mwaka huohuo wa 1922 Čeněk alinunua gari la mashindano aina ya Bugatti Type 30, lenye injini ya silinda 8 na ujazo wa lita 2. Kwa watu wa Praha wa siku zile, gari la namna hiyo lilikuwa kitu cha ajabu: jepesi, lenye kelele, na lenye kasi isiyolingana na barabara zilizokuwepo.

Eliška alianza kwa kukaa pembeni ya mumewe kama fundi msaidizi, jinsi ilivyokuwa desturi katika mbio za wakati huo. Hakuridhika na kiti hicho. Alichukua mafunzo ya udereva kwa siri hadi akapata leseni.

Kuendesha gari la aina hiyo hakukuwa kazi nyepesi. Usukani ulikuwa mzito kwa sababu haukuwa na msaada wowote wa mashine. Gia zilihitaji kubadilishwa kwa kukanyaga klachi mara mbili na kulinganisha mzunguko wa injini na mwendo wa gari. Dereva aliyekosea alisikia meno ya gia yakisagana, na angeweza kuyavunja. Hapakuwa na mkanda wa usalama wala kofia ngumu.

Čeněk alikuwa amejeruhiwa mkono katika vita, na jeraha hilo lilimpa shida ya kubadilisha gia. Hivyo mke alishika usukani, na mume akakaa pembeni. Mwaka 1924 Eliška alishinda katika daraja lake kwenye mbio za kupanda mlima za Lochotín–Třemošná, na jina lake likajulikana haraka kote nchini. Baadaye walinunua Bugatti nyingine.

Mbinu yake

Eliška alikuwa na umbo dogo, na alijua kwamba hawezi kuwashinda wanaume kwa nguvu za mikono. Kwa hiyo alitegemea maandalizi. Alikuwa miongoni mwa madereva wa kwanza kutembea kwa miguu kwenye njia ya mashindano kabla ya siku ya mbio, akikariri kila kona na alama zilizokuwa kando ya barabara. Alama hizo zilimwambia wapi apunguze mwendo na wapi akanyage mafuta, hata pale ambapo kona yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Leo kukagua njia kabla ya mbio ni jambo la kawaida, lakini wakati ule madereva wengi walitegemea ujasiri na uzoefu.

Targa Florio

Targa Florio ilianzishwa mwaka 1906 na Vincenzo Florio. Katika miaka ya 1920 ilikimbiwa kwenye milima ya Madonie. Mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa kilomita 108, na madereva waliuzunguka mara tano, yaani jumla ya kilomita 540, juu ya barabara za mawe na vumbi zenye kona nyingi mno.

Eliška alishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Alianza vizuri, lakini usukani wa gari lake uliharibika katika mzunguko wa pili akalazimika kuacha.

Alirudi tarehe 6 Mei 1928 akiwa na Bugatti Type 35B. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda 8 yenye ujazo wa takriban lita 2.3, na pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini ili kuiongezea nguvu. Baada ya mzunguko wa kwanza alikuwa wa nne. Katika mzunguko wa pili aliwapita wote akaongoza. Alibaki miongoni mwa watu wa mbele hadi karibu na mwisho, ndipo mfumo wa maji ya kupoza injini ulipoanza kuvuja. Ilimbidi apunguze mwendo ili injini isiungue kabisa.

Mshindi alikuwa Albert Divo, akifuatiwa na Giuseppe Campari, Caberto Conelli na Louis Chiron. Eliška alikuwa wa tano, chini ya dakika 10 nyuma ya mshindi, baada ya zaidi ya saa saba za kuendesha. Miongoni mwa waliokuwa nyuma yake ni Tazio Nuvolari, ambaye baadaye alihesabiwa kuwa mmoja wa madereva wakubwa wa historia.

Kifo cha Čeněk

Tarehe 15 Julai 1928, miezi miwili tu baadaye, Eliška na mumewe walishiriki katika mbio kuu za Ujerumani kwenye njia ya Nürburgring. Čeněk alipokuwa kwenye usukani, gari lilipata ajali naye akafariki. Eliška aliacha mashindano moja kwa moja na kuyauza magari yake ya mbio. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Miaka ya baadaye

Baada ya msiba alirudia ndoto yake ya utotoni, yaani kusafiri. Ettore Bugatti, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alimpa gari jipya la safari kwa ajili ya kwenda Ceylon (leo Sri Lanka), akamwomba pia aangalie nafasi za biashara huko. Baadaye Eliška aliolewa tena.

Chini ya utawala wa kikomunisti nchini mwake, maisha yake ya zamani ya mbio na magari ya gharama hayakupendwa na wakuu wa serikali, na jina lake halikutajwa sana. Hata hivyo aliandika kumbukumbu zake katika kitabu kiitwacho Má vzpomínka je Bugatti, ambamo gari alilojifunza kulipenda limebaki katika jina lenyewe la kitabu. Aliishi hadi kuona mwisho wa utawala huo mwaka 1989, akafariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 93.