Padre Albert Lacombe (1827–1916), Mmisionari wa Wakrii

Albert Lacombe alizaliwa tarehe 28 Februari 1827 katika parokia ya Saint-Sulpice, kando ya mto St. Lawrence, kwenye sehemu ya Kanada inayosema Kifaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Katika ukoo wao kulikuwa na habari iliyosimuliwa tena na tena jioni: bibi mmoja wa zamani alitekwa na Waojibwa, akaishi nao miaka mitano na kuzaa watoto kabla jamaa yake hajampata na kumrudisha nyumbani. Kwa sababu hiyo paroko alizoea kumtania kijana Albert kwamba ana damu ya watu wa msituni. Paroko huyo huyo ndiye aliyemlipia masomo katika chuo cha L'Assomption. Wangapi kati yetu tuko seminarini kwa sababu paroko fulani alitia mkono mfukoni mwake!

Alipata daraja takatifu ya upadre tarehe 13 Juni 1849 mikononi mwa Askofu Ignace Bourget wa Montreal, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huo huo alikwenda Pembina, mpakani mwa Marekani, kumsaidia Padre Georges-Antoine Belcourt. Huko alijifunza lugha ya Wasaulteaux, na akafuatana na Wametisi, yaani wazao wa wafanyabiashara wa Kifaransa na akina mama wenyeji, katika safari zao za kuwinda nyati. Ulikuwa msafara wa mamia ya mikokoteni, wenye sheria zake na manahodha wake, na padre aliadhimisha Misa katika mbuga wazi kabla ya wapanda farasi kutoka. Mwaka 1851 alirudi kwao akawa paroko msaidizi, lakini hakutulia. Mwaka 1852 aliondoka tena pamoja na Askofu Alexandre Taché kwenda magharibi, hadi Fort Edmonton, kituo cha biashara ya manyoya cha kampuni ya Hudson's Bay. Majira yale ya baridi aliyatumia kujifunza Kikrii.

Mwaka uliofuata alikabidhiwa misheni ya Lac Ste. Anne, iliyoanzishwa na Padre Jean-Baptiste Thibault mwaka 1844. Ziwa hilo lilikuwa mahali patakatifu kabla padre yeyote hajafika. Wakrii waliliita Ziwa la Roho, na watu walikusanyika hapo tangu zamani. Padre Thibault alilipa jina la Mtakatifu Anna, bibi yake Bwana Yesu, na jina hilo liliwaingia moyoni watu ambao bibi ndiye nguzo ya familia. Hapo ziwani Lacombe alifanya unovisi wake katika Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata, akaweka nadhiri mwaka 1856.

Inafaa tukae kidogo kwenye habari ya lugha, maana ndiyo kazi yake iliyodumu kuliko majengo. Msomaji wa Kiswahili hatakiona Kikrii kuwa kigeni sana kama alivyokiona Mfaransa. Sisi tunasema nimemwona, neno moja lenye mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Kikrii nacho hufunga katika kitenzi kimoja mambo ambayo Kifaransa hukihitajia sentensi nzima. Nacho kina ngeli zake mbili: vitu vyenye uhai na vitu visivyo na uhai, ila mpaka kati yake si ule tungeutarajia, kwa kuwa jiwe na kiko cha tumbaku huhesabiwa upande wa vyenye uhai. Lacombe aliishi na lugha hiyo miaka ishirini, kwenye mahema na juu ya sleji za mbwa, na mwaka 1874 kamusi na sarufi yake ya Kikrii vilichapishwa Montreal. Hadi leo wajukuu wa Wakrii wanaotafuta maneno yaliyopotea hufungua kamusi hiyo.

Aliandaa pia katekisimu ya picha, karatasi ndefu yenye njia mbili zinazopanda tangu uumbaji wa dunia: moja inafika mbinguni, nyingine motoni. Katekista aliitundika mtini na kufundisha bila kitabu. Ilipendwa sana na kuchapishwa kwa wingi. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba dini za kale zimewekwa kwenye njia mbaya, na mtoto wa Kikrii aliyefundishwa kwa karatasi ile aliweza kuwakuta babu zake huko. Wamisionari wengi wa zama zile waliamini hivyo, naye aliamini pia.

Wakrii na Wablackfoot walikuwa maadui wa siku nyingi, wakipigania farasi na malisho ya nyati. Lacombe hakukubali kuwa padre wa upande mmoja. Mwaka 1857 homa ya vipele vyekundu ilipowaangamiza Wablackfoot, aliondoka pamoja na msaidizi wake mwaminifu Alexis Cardinal, akatembea hema kwa hema akihudumia wagonjwa na kuzika wafu mpaka ugonjwa ukamshika na yeye. Tangu siku hizo Wablackfoot walimwita mtu wa moyo mwema. Mwezi Desemba 1865 alikuwa amelala katika kambi yao Wakrii walipoivamia usiku. Akatoka na msalaba wake na bendera nyeupe, akawapigia kelele Wakrii kwa lugha yao, wasimsikie kwa ajili ya giza, ukungu na milio ya bunduki. Kulipopambazuka risasi iliyodunda ikampiga kwenye paji la uso, akaanguka. Wablackfoot wakapaza sauti kwamba Wakrii wamemuua padre wao wenyewe, na Wakrii waliposikia wakaacha vita wakaondoka. Jeraha halikuwa kubwa.

Kati ya safari hizo alikuwa mjenzi. Mwaka 1861 yeye na Askofu Taché walichagua kilima kimoja juu ya mto Sturgeon kiwe misheni mpya, na askofu akaipa jina la msimamizi wake, Mtakatifu Alberto. Likajengwa daraja, kinu cha kusaga, na baadaye nyumba ya Masista wa Upendo wa Montreal, wanaojulikana kama Masista wa Kijivu. Mwaka 1865 alianzisha Saint-Paul-des-Cris, kijiji cha kilimo kwa ajili ya Wakrii, maana aliona nyati wanapungua. Ndui ya mwaka 1870 ilikifagia, pamoja na kambi zote za mto Saskatchewan.

Halafu ikaja mikataba. Serikali mpya ya Kanada ilitaka ardhi ya magharibi kwa ajili ya wahamiaji na reli, na mwaka 1876 machifu wengi wa Wakrii walitia sahihi Mkataba wa Sita huko Fort Carlton na Fort Pitt. Waliahidiwa maeneo ya kukaa kwa kipimo cha maili moja ya mraba kwa familia ya watu watano, dola 5 kila mwaka kwa kila mtu, vifaa vya kilimo, sanduku la dawa, msaada wakati wa njaa, na shule. Neno shule lilikuwamo kwa sababu machifu wenyewe walilitaka: waliona dunia inabadilika, wakataka watoto wao wajue maandishi ya wageni. Walichokiomba ni mwalimu karibu na nyumba zao. Tushike hilo, kwa sababu walichopewa baadaye ni kitu kingine.

Lacombe hakuwapo. Tangu mwaka 1874 alikuwa paroko wa Winnipeg, na baadaye alitumwa kuwahudumia vibarua wa reli ya Canadian Pacific, ambao ulevi wao ulimtesa kuliko baridi yoyote. Aliporudi kwenye mbuga mwaka 1882 alikuta nchi nyingine. Nyati walikuwa wamekwisha. Watu aliowajua kama wawindaji hodari walipanga mstari kusubiri posho ya unga na nyama, na maofisa wa serikali walijua nguvu ya posho hiyo: chifu Mistahimaskwa, anayejulikana kama Big Bear, alikataa mkataba miaka sita, akatia sahihi mwaka 1882 kwa sababu watu wake walikuwa na njaa.

Mwaka 1883 reli ilipoingia katika eneo la Wablackfoot bila idhini yao, vijana walijiandaa kuizuia. Lacombe akaenda na magunia ya sukari, chai, tumbaku na unga, akazungumza na chifu Crowfoot, akawapa neno lake kwamba serikali italipa ardhi nyingine badala yake. Reli ikapita. Wakuu wa kampuni walifurahi mno hata wakamfanya rais wa kampuni kwa muda wa saa moja mezani Calgary, kwa mzaha wa heshima. Vitabu vya zamani husimulia jambo hilo kwa kicheko. Nadhani wenye ardhi hawakulicheka.

Tunafika kwenye jambo zito. Mwaka 1883 serikali iliamua kujenga shule tatu za bweni za ufundi huko magharibi, mbili zikakabidhiwa Kanisa Katoliki. Mojawapo ilikuwa Mtakatifu Yosefu, huko Dunbow karibu na mto Highwood, na mwalimu mkuu wa kwanza, mwaka 1884, akawa Padre Lacombe. Nia ilikuwa wazi na haikufichwa: kumtenga mtoto na wazazi wake, lugha yake na desturi zake, atoke huko mtu mwingine. Wavulana wa kwanza walikuwa wakubwa, wamekwisha kuonja uhuru wa mbuga. Walitoroka. Wazazi walikuja kuwachukua. Yule mtu aliyetuliza vita kati ya mataifa mawili hakuweza kuwatuliza vijana wachache wa bwenini.

Ungetegemea kwamba mtu aliyekaa mahemani miaka thelathini angewauliza wazazi kwa nini. Yeye alifikia uamuzi mwingine. Aliwaandikia wakubwa wa serikali kwamba ilikuwa kosa kuchukua wavulana wakubwa; wachukuliwe wadogo zaidi, na wazazi wanaokataa wabanwe kwa tishio la kunyimwa posho. Alijua vizuri kabisa posho ilikuwa na maana gani kwa watu wale. Hakuwachukia, barua zake zote za maisha zinaonyesha anawapenda. Aliamini kwamba Wakrii na Wablackfoot watatoweka wasipogeuzwa upesi, na imani hiyo ilimfanya asisikie mama anapolia mlangoni. Aliiacha shule mwaka 1885, wengine wakaiendesha kwa njia aliyoshauri. Sheria za kuwalazimisha watoto zikafuata mwaka 1894, na kali zaidi mwaka 1920. Watoto wapatao 150,000 wa mataifa ya asili walipita katika shule za namna hiyo nchini Kanada, nyingi zikiendeshwa na Waoblate na masista. Maelfu hawakurudi nyumbani. Huko Dunbow mto ulimomonyoa makaburi ya wanafunzi, mabaki yao yakazikwa upya mwaka 2001.

Mwaka ule ule wa 1885 njaa na hasira vilizaa vita. Tarehe 2 Aprili, vijana wa kundi la Big Bear waliua watu tisa huko Frog Lake, wawili kati yao mapadre Waoblate, Léon Fafard na Félix Marchand. Waziri Mkuu John A. Macdonald alimtegemea Lacombe kuwazuia Wablackfoot wasiingie vitani, na Crowfoot hakuingia. Mwezi Novemba Wakrii sita na Waassiniboine wawili walinyongwa Battleford. Big Bear na chifu mwenzake Poundmaker walifungwa gerezani, wakatoka wagonjwa, wakafa muda mfupi baadaye.

Mwaka 1899, akiwa na miaka 72, alichukuliwa na wajumbe wa serikali kama mshauri wa Mkataba wa Nane. Kwenye Lesser Slave Lake, tarehe 21 Juni, Wakrii walimsikiliza kwa sababu walimjua, aliwashauri wakubali. Hofu yao kubwa ilikuwa kuwinda na kuvua, nao wakahakikishiwa kwamba watabaki huru katika hayo. Bila mzee yule pembeni ya meza, sijui kama wangeamini. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameanzisha Saint-Paul-des-Métis, makazi ya Wametisi waliopoteza ardhi. Mwaka 1905 shule ya bweni ya hapo ilichomwa moto na wanafunzi wake, na mwaka 1909 ardhi hiyo ikafunguliwa kwa walowezi Wakanada wa Kifaransa.

Wakrii hawakuiacha Lac Ste. Anne. Hija ya kila mwaka, mwezi Julai, iliyoanza mwaka 1889, bado huwakusanya maelfu, wakiingia majini na kusali kwa lugha ambazo shule zilitaka kuzizima. Ni hapo mwaka 1991 Waoblate wa Kanada waliwaomba msamaha mataifa ya asili. Na Baba Mtakatifu Fransisko, baada ya kuomba msamaha huko Maskwacis tarehe 25 Julai 2022, siku iliyofuata aliletwa kando ya ziwa hilo kwa kiti cha magurudumu, akayabariki maji.

Miaka ya mwisho Lacombe aliitumia kuomba fedha kwa ajili ya wazee na yatima. Tajiri mmoja wa ng'ombe, Patrick Burns, alitoa ardhi huko Midnapore, kusini mwa Calgary, na mwaka 1910 nyumba ikafunguliwa chini ya Masista wa Maongozi ya Mungu. Alihamia humo, akafa tarehe 12 Desemba 1916, akiwa na miaka 89. Mwili ulipelekwa St. Albert ukazikwa chini ya kanisa. Moyo wake ulitolewa ukabaki Midnapore, kwa masista. Shule ya Dunbow, kusini kidogo ya hapo, ilikuwa ingali na watoto. Ilifungwa mwaka 1922.