SEWA HAJI, TAJIRI WA BAGAMOYO

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Huko Bagamoyo alikodisha wapagazi na kuuza vitambaa, shanga na nyaya kwa misafara ya bara. Mwaka 1871 Stanley, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alipata wapagazi kwake, kisha akaandika kwa hasira kwamba alipunjwa. Hatufichi: mali ile ilitoka mabegani mwa wapagazi, na wengine walifia njiani.

Mwaka 1892 aliwapa Wajerumani nyumba yake ya ghorofa pale Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Sisi walimu tunaofundisha chini ya shitingi tunaliheshimu sharti hilo kuliko nyumba yenyewe, maana tumeona watoto wakirudishwa mlangoni kwa ajili ya kabila.

Alitoa pia fedha za hospitali ya Dar es Salaam. Alifariki Februari 1897, hajatimiza miaka 50. Huko Muhimbili lipo jengo la Sewahaji. Wagonjwa wetu wanaopewa rufaa hulitaja jina hilo bila kujua ni la nani.